Baba Mishale na Kibao cha Ngazini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu wa vibao anakabidhi brashi baada ya miaka thelathini na moja. Kila nembo ya chuo ukutani, kila herufi ya bluu, kila mshale unaoelekeza maabara, bwalo na choo, ni mkono wake. Ndiyo maana wanafunzi wakamwita Baba Mishale. Na bado wapo wanaokosa njia ya choo. Hao kibao hakiwasaidii.

Alikuja kijana mwembamba, shati lina rangi kama tambara la kupangusia. Mimi nilikuwa tayari nafagia hapa, kwa hiyo asinibishie mtu. Mkono wake ulinyooka hata bila rula, ila haraka ilimzidi. Alipewa ramani ya jengo aandike vibao, akaandika vyote, pamoja na vya ghorofa ambayo haijajengwa mpaka leo. Mtu na macho yake anaona ngazi imeishia ukutani, bado anatundika pale chini: MADARASA YA JUU, na mshale. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kilikatika muhula ulipofunguliwa. Wanafunzi wageni walifuata mshale kama walivyoambiwa. Walirudi na vumbi la chaki mikononi, wakasema mwalimu wa huko ni mpole, ila hageuki.

Mkuu wa wakati ule akaamuru kibao king'olewe. Baba Mishale akaking'oa asubuhi hiyohiyo, bila kujua kuwa mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa ameshapanda. Mchana hakuonekana bwaloni. Jioni hakuonekana bwenini. Tulipopanda ngazi tulisikia, nyuma ya matofali, kiti kikiburuzwa. Nilimkaripia fundi mbele za watu: "Njia ya kwendea umemwonyesha. Ya kurudia iko wapi, mwanaharaka wewe?"

Aliketi ngazi ya mwisho akaandika kibao kipya, nembo juu, herufi zilezile, mshale ukielekea chini: NJIA YA KURUDI. Akakitundika kifudifudi, maandishi yakigusa ukuta, ili asome aliye ndani. Rangi haijakauka, mpwa wangu huyo anashuka, daftari kwapani, anauliza kama chakula kimeisha. Leo ni mama wa watu, na mpaka sasa hapendi mtu ampe mgongo.

Tangu hapo, kila likizo Baba Mishale hupaka upya kibao kile kwanza, vingine baadaye. Wakubwa, nawaambia waziwazi: mnaleta mabango mapya ya plastiki, yenye vijana wanaocheka meno yote nje. Leteni. Kile kimoja msikiguse. Fundi anayepokea kazi ameshaonyeshwa, na nitamfuatilia.

Na wewe Baba Mishale, nisikilize. Juzi nikipangusa vumbi nimekuta kibao kigeni chini ya ngazi ile. Nembo yetu, bluu yetu, mwandiko mzuri kuliko wako: OFISI YA FUNDI, mshale juu. Umeniapia hukukiandika, nami nakuamini. Lakini nimekuona unavyokikodolea macho kila ukipita. Acha. Kazi yako hapa imeisha, na umeifanya vizuri. Ijumaa mkeo atakuwa getini, nami nitakushika mkono mpaka nikukabidhi kwake.

Asante kwa mpwa wangu. Asante kwa wote walioshuka. Tunakutakia maisha mema, mdogo wangu, hukuhuku chini.