Ukoga wa Mzee wa Kotile

Benchi langu ni ubao juu ya madebe mawili, nyuma ya soko la mifugo, Garissa. Nauza kahawa ya tangawizi. Wateja wangu hununua kikombe kimoja wakakalia benchi hadi alasiri. Siku hiyo Dagane, tunayemwita Ngamia, alikuwa na posa ya kujibu. Yonis, mkulima wa ndizi kule mtoni, alimtaka binti yake Ramlo, na Ramlo alikuwa amekubali. Mama yake Yonis alikuwa njiani kuja kuchukua jibu.

– Sitoi mtoto kwa watu ya majani, alisema Ngamia, mswaki mdomoni. Ukoo yetu ni maziwa na nyama. Tangu Adamu.

Nuh, yaani Redio, maana habari zote humfikia yeye kwanza, akacheka.

– Adamu yupi? Hujasikia ile taya ya mtu ya kule Kotile? Watafiti wamechimba boma ya zamani ya babu zako, wamepata mtu wa miaka elfu. Ukoga imeganda kwa meno kama jiwe. Wakaangalia na mashine: ndani iko mizizi na mbegu ya nyasi.

– Basi huyo si wetu.

– Warya, wewe! akadakia Kerrow, mdunga ng'ombe sindano. Kama si wenu, hata kisima ya Kotile si yenu. Si uliapa mbele ya wazee mababu wako wamelala hapo?

Ngamia akautafuna mswaki.

– Ni wetu. Nyasi alikula mbuzi, yeye akala mbuzi.

– Na mbuzi akamtafunia? akauliza Kerrow.

– Labda alikuwa anaweka chakula kwa meno, alisema Redio. Akiba haiozi.

– Ilikuwa dawa, akasema Kerrow. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini jino inasikia.

Hapo Lul, mama yake Yonis, akafika, akatoa salamu, akasikiliza hadithi yote akiwa amesimama.

– Mzee wangu, adheer Dagane, huyo mzee nani alimchumia hiyo mizizi?

Redio akatazama kikombe chake.

Ngamia akautoa mswaki mdomoni. Ukame wa mwaka themanini na nne tulikuwa kambi moja, Ngamia na mimi. Mama yake ndiye aliyetuonyesha mzizi gani unachemshwa mara mbili, maji ya kwanza yakamwagwa. Wanangu waliula. Yeye pia aliula. Nilimtazama tu.

– Mama Fathi, akaniambia, mpe huyu mama kahawa.

– Imeisha, nikamjibu.

– Basi chemsha ingine. Mkwe hapewi kikombe tupu.

Nikaenda kuongeza makaa.