Karatasi Iliyobaki Mkobani mwa Mwalimu

Ndugu, majirani, na ninyi wengi mliofundishwa kusoma na mama huyu, familia inawashukuru kwa kuja. Desturi ni kifungua mimba kusoma historia ya mzazi wake, lakini leo anasoma mkewe, na sababu imo humu humu.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 2 Mei 1962, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa seremala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1979, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1982, na tangu Januari 1983 alifundisha darasa la kwanza, chumba kile kile cha mwisho karibu na tangi la maji, kwa miaka thelathini na tisa.

Tarehe 14 Desemba 1985 aliolewa na fundi wa simu, aliyefariki mwaka 2011, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1987, na baadaye mabinti wawili.

Mwaka 1994 yule wa kiume aliingia darasani kwa mama yake. Alikuwa mtoto mwepesi, aliyeweza kufungua saa ya mezani na kuirudishia bila skrubu kubaki, ila kila asubuhi ya kipindi cha kusoma tumbo lilimuuma, na kitabu cha kwanza alikuwa amekikariri chote, hata siku Mwalimu alipomfunulia ukurasa mwingine, yeye aliendelea kusoma ule wa jana. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaona aibu, akamwambia mbele ya wenzake, "Kaa chini, gogo wewe!" na tangu hapo alimchapa asubuhi kama mwalimu na jioni kama mama, akamrudisha darasa lile lile mwaka uliofuata, na hadi leo wateja wa karakana yake ya kuchomelea wanamwita Fundi Gogo, wakidhani ni kwa ajili ya nguvu zake.

Jumatano, tarehe 13 Agosti 2014, Mwalimu alihudhuria semina ambako waligawiwa orodha ya dalili za mtoto anayepata shida ya kusoma ilhali akili yake haina kasoro, akazipitia moja moja, na kila moja ilikuwa na sura ya mwanawe. Hakungoja chai. Alikwenda moja kwa moja karakanani, mwanawe akavua miwani ya kuchomelea, akauliza, "Mama, kuna msiba?" naye akajibu, "Aa, nimepita tu kukusalimu," akarudi nyumbani.

Kuanzia hapo fimbo ilitoka darasani. Kila muhula alimwita mtoto mmoja mmoja mezani, akamfungulia ukurasa asioujua, na aliyekwama alimwandikisha herufi kwa kidole kwenye sinia la mchanga, akamkatia maneno silabi kwa silabi, akamwita mzazi na kumsihi asimpige. Watoto arobaini na watatu walisaidika hivyo, na baadhi yenu mmeketi hapa. Mwanawe hakuwa miongoni mwenu.

Siku ya kuagwa kazini, tarehe 24 Juni 2022, alisimama na karatasi mkononi, akaitazama, akaikunja, akasema asanteni, watu wakapiga makofi.

Tarehe 3 Februari 2024 alipata kiharusi, kikachukua ulimi wake na herufi zake zote. Mwanawe alikuja kila jioni, akamwandikia kwa chaki herufi zile chache anazozijua, akamtania, "Polepole, Mama, hapa hakuna wa kukuchapa," na Mwalimu akageukia ukutani akilia, nasi tukadhani ni maumivu. Alifariki wodini Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Karatasi ile tuliikuta juzi mkobani mwake, tulipokuwa tukitafuta tarehe hizi. Imeandikwa kwamba jina la gogo alilitoa yeye, kwamba mtoto hakuwa mvivu wala mzito, kwamba asiyeona alikuwa mwalimu. Mke wa mwanawe alimsomea mumewe, naye akaomba asomewe tena, kisha akasema, "Miaka kumi na moja, Mama alikuwa anapita tu kunisalimu," akataka isomwe na kwenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomgeuza kitandani mchana tulipokuwa kazini, na walimu wenzake watakaobeba jeneza. Mtakapompa pole mwanawe, tunaomba mmwite kwa jina alilopewa alipozaliwa.

Lala, Mwalimu. Karatasi yako imesomwa.