Kopo la Mvua na Chembe za Mshtarii

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, wazee wetu, shikamooni. Mama Mwaija, mke wa mstaafu wetu. Ndugu walimu, wageni waalikwa na wanafunzi:

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi Yuditha, mtoto wa kijiji cha Bungu, nimepewa dakika tano za kumsifu Mwalimu Ukasha anayestaafu leo. Naye hapo alipo anatazama saa, maana yeye ni Mzigua, na watani zetu hao wanatujua sisi Washambaa: tukishika kipaza sauti hatukiachi.

Kazi yangu ni kusoma vipimo vya chombo kilichotumwa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu. Kandokando yake zimejaa chembe ndogo zenye umeme, zenye nguvu ya kuharibu mitambo, na kifaa chetu huzihesabu. Mwaka jana, chombo kiliposogea karibu zaidi, hesabu ikashuka hadi sifuri. Wenzangu wakafurahi: pale ni shwari, safari inayofuata tupite hapo hapo. Mimi nikauliza, “Chembe zimekwisha, au kifaa kimezidiwa?” Tukatazama kifaa cha pili, chenye kifuniko kinene kinachopitisha chembe chache tu. Lo! Zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kile cha kwanza kilikuwa kimelemewa kikanyamaza. Njia ikabadilishwa.

Nikapongezwa sana. Lakini ndugu zangu, swali lile nililitoa wapi?

Nikiwa kidato cha pili, shuleni hapa, zamu ya kupima mvua ilikuwa yangu. Masika yale kopo lilifurika, nami nikaandika alama yake ya mwisho. Mwalimu akaniuliza, “Yuditha, mvua ilikoma hapo, au kopo lilijaa?” Kwa kuogopa kuonekana nimechelewa kulimwaga, nikajibu, “Ilikoma, mwalimu.” Akaniamini. Mkaguzi alipolinganisha na shule jirani, akauliza kwa ukali nani amepika namba. Mwalimu akasema, “Daftari ni langu.” Ukuu wa shule aliokuwa akiutarajia ukampita. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, kimya.

Mwalimu, kopo lilijaa. Mama Mwaija, mlichokikosa nyumbani kwenu mlikikosa kwa sababu yangu, naomba radhi. Ningeweza kuyasema haya sebuleni kwenu, lakini mwalimu alilaumiwa hadharani.

Nakushukuru kwa swali lako, Mwalimu. Zaidi nakushukuru kwa jioni ile, mkaguzi alipokwisha ondoka, uliponikuta nalia nyuma ya darasa, ukaniambia tu, “Kesho zamu ni yako tena.”

Kwa kunivumilia hadi hapa, asanteni sana.