Picha Tulizozifunika kwa Karatasi

Kosa ambalo wengi wetu hufanya, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ni kudhani kwamba mtoto asipotajiwa watu wake atakuwa salama. Nimelitanguliza kosa hilo hata kabla ya salamu kwa sababu mimi mwenyewe nililifanya, nikiwa nimefundisha miaka thelathini na minne na kufunza walimu wengine kazi hii hii.

Sasa niwasalimu kwa utaratibu. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Afisa wa Elimu, Sheikh wetu na Mchungaji wetu, Mzee Hashim uliyetoa chumba hiki ambacho hadi mwezi jana kilikuwa ghala lako la sabuni na chumvi, ndugu walimu, wazazi mliotoka Misikhu, Mabanga na hapa mjini Bungoma, nanyi watoto mlioketi mkekani: hamjambo? Naitwa Mwalimu Wekoye. Nimeombwa niseme juu ya vitabu vya picha kabla ya chumba hiki cha kusomea kufunguliwa. Nitakayosema hayafai sana kwa sherehe, na mtanisamehe.

Mnakumbuka mwaka wa 2007, watu waliposhuka kutoka Mlima Elgon na magodoro kichwani. Karibu na Kitale, kwenye kiwanja cha kanisa, tulifungua darasa ndani ya mahema, nami nikapewa kulisimamia. Kulikuwa na watoto ambao nyumba zao zilichomwa, na kando yao, kwenye benchi moja, watoto waliosemekana kuwa jamaa za waliochoma. Wewe ungefanya nini? Sisi tuliketi kikao tukakata shauri. Kila mtoto aandikwe kwa jina moja tu, jina lisilosema ametoka wapi, na asipokuwa nalo apewe. Kisha vitabu vya picha tulivyoletewa kama msaada tuvisafishe.

Nieleze kusafisha huko. Tulikoroga gundi ya unga wa ngano, tukakata karatasi za kaki, tukafunika kila mtu aliyeonekana kuwa wa mahali fulani: mwenye shanga, mwenye kanzu, mwenye kibuyu. Palipokuwa na jina la mtu tukalifuta, tukaandika "mama" au "mtoto".

Mwalimu Nafisa, mdogo kuliko sisi sote, alishika mkasi akaniuliza, "Mwalimu, huyu bibi tunamfunika kwa kosa gani?"

"Ana kibuyu cha maziwa," nikamwambia. "Watajua ni wa huko juu."

"Si hata wao ni wa huko juu?"

Nikamwambia akate karatasi. Akakata.

Watoto hawakudanganyika. Wale watu waliofunikwa wakawapa majina ya utani. "Mwalimu, leo tusomee Bwana Bahasha!" "Ati anakula ugali, na mdomo hana!" "Wacha, bana, anakulia kwa shingo!" Hema zima likacheka, nasi tukaandika kwenye ripoti kwamba watoto wanaishi pamoja kwa furaha.

Miongoni mwao alikuwapo msichana wa miaka saba, aliyeletwa na jirani ambaye naye aliondoka siku hiyo hiyo. Tulipomwuliza jina alinyamaza. Tukamwandika Brenda. Baada ya miezi miwili alikuwa akiitika.

Asubuhi moja ya mvua mama mmoja akafika langoni, miguu imevimba, ametembea kutoka upande wa Uganda.

"Mwalimu, natafuta mtoto yangu. Anaitwa Chepkemoi."

Mimi ndiye niliyefungua daftari. Nikapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Mama, huyo hayuko hapa."

"Angalia tena, mwalimu. Ni kasichana, kananyamaza sana."

"Hayuko."

Akaomba achungulie tu hemani. Nilimkatalia, maana tulikuwa tumeonywa kuhusu watu wanaopita makambini kuangalia nani yuko wapi. Sikumwuliza mtoto anafananaje. Sikumwuliza yeye mwenyewe anaitwa nani, wala analala wapi. Akanishukuru. Ndiyo, ndugu zangu, alinishukuru, akarudi barabarani.

Siku tisa baadaye Nafisa alikuwa akipitia kitabu na watoto, na unyevu wa mvua ulikuwa umelegeza gundi. Yule msichana akaanza kukwangua karatasi kwa ukucha. Nafisa hakumkataza. Bibi akajitokeza nusu, kibuyu mapajani, anakisugua ndani kwa kijiti chenye kaa, kama wafanyavyo kwao ili maziwa yasiharibike.

"Huyu ni kogo," mtoto akasema.

"Kogo ni nani?"

"Ni nyanya. Nyanya yangu huniita Chepkemoi."

Nafisa alikuja kwangu mbio, amemshika mkono. Hakunisalimu. "Mwalimu, yule mama wa siku ya mvua alikuwa anamtafuta nani?"

Tuliuliza Kitale yote. Tuliuliza Bungoma, tukaenda kwa machifu, tukatangaza redioni kwa lugha tatu. Leo ni miaka miwili. Hatujampata mama huyo, wala hakuna aliyetuletea habari zake, nzuri au mbaya. Chepkemoi analelewa na Mwalimu Nafisa. Nilipomwomba mtoto ruhusa ya kusimulia haya mbele yenu, alisema, "Sema, lakini useme jina langu." Nimelisema.

Mzazi mmoja aliniuliza wiki iliyopita, "Mwalimu, si mkionyesha watoto mambo ya makabila mtarudisha vita?" Swali lake ni la haki, na hofu yake naijua. Lakini waliokuja na mapanga hawakuhitaji kitabu cha picha kujua nani ni nani. Mtoto husoma picha kabla ya herufi. Akimwona bibi wa kwao amefunikwa, anaelewa kwamba watu wake wana jambo la kufichwa, na yeye mwenyewe ataanza kujificha. Na mtoto wa jirani, ambaye angeuliza tu kibuyu kile ni cha nini, ananyimwa swali lake.

Walimu, msije mkadhani ninataka shanga na ngoma kila ukurasa. Fundi wa baiskeli aliyevaa kofia ya Kiislamu ni mtu wa Bungoma, na mama anayechambua maharagwe kabla ya kwenda kanisani naye pia. Mtoto akicheka kwamba maziwa ya wenzake yananuka moshi, msimchape. Mwulizeni kwao maziwa huwekwa wapi, halafu mwenzake naye ajibu.

Mwalimu Nafisa ndiye atakayetunza chumba hiki. Aliniuliza swali lililo sawa akiwa na mkasi mkononi, nami mkubwa wake sikumjibu. Nimekuja kukiri hilo hadharani, kwa sababu ripoti yangu ya wakati ule bado imo kwenye faili za ofisi na inasema tulifaulu.

Mheshimiwa, wageni wetu na wazazi, nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, fungua kitabu kimoja cha picha pamoja na mtoto mmoja, mwulize ni nani humo anayemkumbusha mtu wa kwao, kisha unyamaze mpaka amalize kusema.