Nyuma ya Pazia la Kisutu

Majaliwa alimkosea mkewe, na kosa lenyewe lilimjia kila alipotia udhu, maji yakifika viwikoni. Alimwahidi kumpeleka Dar es Salaam kutazama mchezo wa kuigiza, kisha akaenda peke yake. Na huko, kwenye ukumbi wa mbao wa Ilala, akasinzia mchezo ukiwa nusu. Akarudi Bagamoyo na doti moja ya kanga na hadithi isiyo na mwisho: binti yumo ndani, mumewe yuko safarini, mlango unagongwa, binti ameshika komeo. Basi, hapo hapo. "Akafungua?" aliuliza mkewe, Mwanaharusi, usiku ule, na akaendelea kuuliza, mvua ikipita na nyingine ikija, akichambua mchele au akianika nguo, kama mtu anayeulizia habari za jirani. Majaliwa alipozinduka siku ile, watu walikuwa wameshaanza kukusanya mabenchi.

Sasa Mwenyezi Mungu alikuwa ameleta harusi ya mpwa wao mjini. Lori lingeondoka kesho baada ya sala ya alfajiri, na safari hii wangekwenda wote wawili. Baada ya harusi wangebaki na siku moja tupu, na Majaliwa alitaka siku hiyo alipe ahadi. Kwa hiyo baada ya alasiri aliacha kuezeka banda la watu, akajipangusa vumbi la makuti, akashika njia ya kijiweni kwa Bwanausi muuza kahawa. Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao juu ya mawe mawili, mgongo ukiegemea ukuta wa zamani uliobaki na joto la mchana. Dele la kahawa lilikuwa juu ya makaa, tangawizi ikinukia mpaka njia panda. Waliokuwapo ni wale wale: Mwinyijuma, aliyeitwa Tarbushi kwa sababu ya kofia yake nyekundu ambayo hakuna aliyewahi kuona kilicho chini yake, na Seleman Kidomo, mchuuzi wa samaki wa Mbegani, ambaye akianza kusema samaki huharibika.

— Shikamoo, Mzee Tarbushi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Uso wako una safari.

— Ninayo. Nina siku moja mjini, mimi na mama Dija. Nataka mchezo wa kumpeleka. Nipeni mmoja tu, lakini uwe mzuri mpaka mwisho.

— Si kuna ile sinema kubwa, alisema Bwanausi akimmiminia kikombe.

— Mwache huyo, alidakia Kidomo. Ile kila mtu kaiona. Hata punda wa muuza maji kaiona. Mtu hatoki Bagamoyo, akatapika njia nzima kwenye lori, kwenda kutazama kinachotazamwa na kila mtu. Mchezo mzuri ni ule ambao ukimuuliza mwenye duka la jirani atakwambia haupo.

— Haupo vipi?

— Upo. Ila yeye hajui.

Tarbushi alipuliza kahawa yake, akasubiri wanyamaze.

— Nenda Kisutu, alisema. Juu ya ghala la nguo. Unapanda ngazi ya mbao, unavua viatu. Wahindi wanacheza natiki, mchezo wao wa kuimba, mfalme kapoteza milki, kawa mchota maji. Kigujarati kitupu.

— Wewe unakijua Kigujarati?

— Hata neno. Ndio utamu wake. Mfalme aliimba, nikalia mpaka shingo ya kanzu ikalowa. Ukililia maneno unayoyajua, huwezi kuwa na hakika kama umelia kwa mchezo au kwa mambo yako ya nyumbani.

— Pengine alikuwa anaimba bei ya kitambaa, alisema Kidomo.

— Basi ilikuwa bei ya kuliza.

Majaliwa hakucheka. Moyoni alikuwa ameshapanda ile ngazi. Alimwona Mwanaharusi ubavuni pake, buibui limeteremka mpaka mabegani, mwanga wa taa ukimpitia shavuni, midomo imeachana kidogo kama ya mtu anayetaka kuuliza kitu na hataki kukatiza.

— Mimi ningempeleka Gerezani, alisema Kidomo. Kwenye ua wa makuli wa bandarini. Wakishaoga wanacheza mchezo wa mume bahili. Mume anafungia mchele, mke anauiba kidogo kidogo, na wanapika kweli, bwana, sufuria iko pale pale mbele yako, wali wa nazi. Mchezo unakwisha wali ukiiva. Watazamaji wananawa, wanakula.

— Na kuni zikiwa mbichi?

— Basi siku hiyo ndoa ni ndefu. Mwaka wa mvua nyingi mume na mke waligombana mpaka majirani wakaja kusuluhisha.

— Huo si mchezo, ni hitima, alisema Tarbushi.

Bwanausi alikuwa akivigonganisha vikombe polepole, kama afanyavyo akiwa na jambo moyoni.

— Mimi naujua mmoja, alisema. Hauna kitu cha kutazama.

Wote wakamgeukia, maana Bwanausi husema mara chache.

— Temeke, nyumba ya udongo. Mnakaa, taa inazimwa. Mtu mmoja anasema gizani, sauti ya mzee, sauti ya mtoto, sauti ya ng'ombe anayedai ndama wake. Kila mtu anaona yake. Mimi niliona mvua inaanguka kwetu, na marehemu mama anakimbilia kuanua mpunga. Jirani yangu aliona bahari. Taa ilipowashwa, nguo zetu sote zimelowa.

— Jasho, alisema Tarbushi.

— Nguo yangu ilinukia mpunga.

Upepo ulipita, ukainua majivu ya makaa, yakatua kwenye kanzu ya Tarbushi, naye hakuyapangusa. Kidomo aliona hapo anaachwa nyuma.

— Hiyo ndogo, alisema. Magomeni kuna mchezo ulianza kabla ya vita vya Mjerumani, mpaka leo haujaisha. Kila wiki wanaendelea walipoachia. Aliyekuwa bwana harusi sasa ni babu, mjukuu wake ndiye anayeposa. Watazamaji wa kwanza walishatangulia mbele ya haki, wameacha wosia nani akalie nafasi zao.

— Unahusu nini?

— Nani ajue? Walioona mwanzo ni marehemu.

— Kariakoo, alisema Tarbushi kwa sauti ya chini, kuna usio na watazamaji kabisa. Unaingia, mtu anakuita ami, anakushika mkono, anakuuliza kwa nini hukuja mazikoni. Unaomba radhi. Unalia naye. Wanakuletea chai. Unatoka, hujui kama mchezo ulishaanza. Mimi mpaka leo sina hakika kama nimetoka.

Kidomo aliinama, akamchungulia chini ya kofia.

— Ndiyo maana huvui kofia, alisema.

Majaliwa aliyafumba macho. Michezo yote ilikuwa imeungana ndani yake kama nyumba moja yenye vyumba vingi, na katika kila chumba Mwanaharusi alikuwa karibu naye, anacheka, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, anamgusa mkono kumwonyesha kitu. Mfalme, makuli, mvua ya Temeke, vyote vilipita pembeni. Kwa kweli hakuwa amelitazama jukwaa hata mara moja. Alikuwa akiutazama uso wa mkewe.

— Asalaam aleikum, wazee wangu.

Alikuwa Mosi, mkulima wa Fukayosi, aliyeleta muhogo na kubaki kusubiri lori lile lile. Walimwitikia, Bwanausi akampa kikombe, naye akachutama pembeni ya ubao, kikombe akikishika kwa mikono miwili. Alisikiliza habari za Majaliwa na mkewe, kisha michezo yote ikirudiwa kwa ajili yake, tangu Kisutu mpaka Kariakoo, akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akasema:

— Samahanini. Mimi mtu wa shamba. Sasa mke wa Majaliwa atakaa wapi?

— Atakaa wapi vipi?

— Humo ndani ya mchezo. Wanaume wanakaa wapi, na wanawake wanawekwa wapi?

Kidomo alianza kuwahesabu kwa vidole watu wa Gerezani, akaacha.

— Gerezani ni wanaume watupu, alikiri mwishowe. Hata huyo mke ni kuli mwenye ndevu, kajifunga kanga.

— Temeke?

— Kule giza, alisema Bwanausi. Giza na wanawake... Astaghfirullahi. Sikuuliza.

— Kisutu kuna pazia, alisema Tarbushi. Jekundu. Linapita katikati ya ukumbi.

— Nyuma yake kuna nini, mzee wangu?

— Kuna wanawake, nadhani. Walisikika wakicheka.

— Walichekea nini, na mfalme analia?

Tarbushi alinywa kahawa yake iliyokwisha kupoa.

— Kwani ninyi mlipokwenda, aliuliza Mosi, naye hakuwa na nia mbaya hata chembe, wake zenu walikaa wapi?

Kidomo aliinamia kapu lake la samaki. Tarbushi alilipeleka tarbushi nyuma kidogo, kisha mbele. Bwanausi aliliinamisha dele juu ya kikombe cha Majaliwa. Likatoka tone moja, na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Mwadhini akaadhini, na kila mtu akainuka upesi kuliko kawaida yake.

Baada ya magharibi Majaliwa alimkuta Mwanaharusi akifukiza nguo za harusi, amezitandaza juu ya kitundu cha mianzi kilichofunika chetezo, moshi wa udi ukipanda kupitia mikono ya gauni. Akakaa karibu naye, akamsimulia yote, hata swali la Mosi.

— Nilitaka tukae pamoja, alisema. Nikuone ukitazama. Sasa kumbe nitakuwa nimekupeleka mbali zaidi.

— Uso wangu uko hapa kila siku, baba Dija, alisema Mwanaharusi, akaligeuza gauni upande wa pili. Twende Kisutu.

— Utakuwa nyuma ya pazia. Sitakuona.

— Najua. Nataka kujua walichekea nini.

Moshi uliingia kati yao, ukakaa, kisha ukajiondokea. Majaliwa alitazama mikono yake iliyochanwa na makuti, akajua hana hakika na macho yake.

— Mama Dija, alisema, mimi najijua, huenda nikasinzia tena. Tukishuka ile ngazi, nisimulie ya upande wako, mpaka mwisho.