Bibi Eliaichi Nkya na Makopo Arobaini na Moja ya Maua

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa. Na ninyi wadogo marahaba, hata kama hamjaamkia. Punguzeni moto ndizi zisiungue, mketi kidogo. Leo tunamkumbuka Bibi Eliaichi Nkya, muuza maua wa Rau, hapa Moshi mjini. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita kwa shinikizo la damu. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Bibi Eliaichi Nkya, wa Rau, umri miaka sabini na mmoja.

Wengi mlimjua kwa maua yake kando ya barabara, kwenye ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa. Mlimjua pia kwa mdomo, tusidanganyane. Ukiuliza bei mara mbili bila kununua, alikuuliza kama umekuja kununua ua au kuliposa.

Alizaliwa Machame, mtoto wa tatu kati ya wanane. Alikulia kwenye nyumba ambayo ng'ombe, mbuzi na jiko la kuni vilikaa chini ya paa moja. Ujana wake wote aliumaliza kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Mkono wake ulikuwa na baraka. Alichochomeka ardhini kilishika. Mwaka 2017 binti yake Grace, ambaye ni mwalimu, alimwomba ashuke mjini amsaidie kulea mtoto. Mtoto ndiye Joyness, wakati huo ana miaka mitano. Bibi akamwachia kaka yake ng'ombe, akafunga kihamba, shamba lake la ukoo, akashuka Rau.

Hapo ndipo alipokutana na kikohozi.

Joyness alikuwa na pumu. Kila jioni kifua kilimbana, anapumua kwa mluzi, mabega yanapanda na kushuka. Bibi mwanzoni hakuelewa. "Sisi tumelelewa na moshi wa kuni, mbona tuko hai?" alimwambia Grace. Grace akamjibu, "Mama, watoto wangapi kwenu walizikwa kwa kifua?" Bibi akahesabu. Walikuwa wawili.

Sasa Grace alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mimea ndani ya nyumba inasafisha hewa. Akamwambia mama yake. Lo! Ni kama umemwambia samaki kuna maji. Ndani ya wiki tatu Bibi aliingiza ndani makopo arobaini na moja. Alovera dirishani. Yale majani marefu yanayosimama wima kama mkonge, mlangoni. Yanayotambaa, juu ya kabati la vyombo. Chumba cha mtoto peke yake kilipata kumi na manne. Kisha akafunga madirisha yote, ili hewa safi isitoke.

Na wasikilizaji wapendwa, akayatunza kama kahawa. Mtu wa Machame haoteshi kitu bila samadi. Alipakia mbichi kutoka kwa kaka yake, viroba viwili, akajaza kwenye makopo, akamwagilia asubuhi na jioni. Maua yakanawiri ajabu! Majirani wakaja kushangaa, wakanunua, na Bibi akawauzia akiwaapia kuwa hii ni dawa ya kifua.

Joyness akazidi. Jumamosi moja mchana midomo ilibadilika rangi, wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Alipopata nafuu, daktari akauliza, "Nyumbani kuna nini? Kuku? Mazulia?"

"Kuna maua tu," akajibu Bibi.

"Mangapi?"

"Arobaini na moja."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza habari za udongo, akaambiwa samadi. Akauliza habari za madirisha, akaambiwa yamefungwa. Grace anakumbuka maneno yake: "Mama, udongo uliolowa ndani ya nyumba iliyofungwa unaota ukungu, na ukungu ni adui wa pumu. Ua moja mawili si kitu, weka upendeze. Lakini moshi, ambao ndio unaombana mtoto huyu, ua haliuwezi. Hata ukiuingiza ndani msitu wote wa Rau, moshi ukija utaingia. Unatoka wapi?"

Bibi alijua unatoka wapi.

Nyuma ya ukuta wao kulikuwa na karakana ya Eliufoo Swai, fundi makochi. Ni mtu wa Machame vilevile, tena msharika mwenzake. Kila siku saa kumi na moja jioni alikusanya maranda ya mbao, mabaki ya leza, ile ngozi bandia, na vipande vya sponji, akavichoma. Sponji ikiungua inatoa moshi mweusi, mzito, unaonata kooni. Upepo wa jioni uliuleta moja kwa moja kwenye dirisha la Joyness.

Bibi alirudi nyumbani, akatoa makopo yote nje siku hiyo hiyo. Akafungua madirisha asubuhi, akayafunga saa kumi na moja tu. Halafu akafanya jambo ambalo mimi mtangazaji wenu nisingeweza. Alipita kwa kila jirani aliyenunua kwake, akamwambia: "Nilikudanganya bila kujua. Hili ni pambo. Litoe chumbani kwa mtoto, na samadi iondoe." Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia sasa biashara basi. Alirudi kwake akalia, Grace anasema, si kwa aibu, bali kwa kufikiri kwamba ni yeye aliyemlaza mjukuu wake kitandani penye ukungu.

Palibaki moshi. Hapa ndipo mama yetu alipoteleza.

Kwa Eliufoo alikuwa ameshalalamika mara tatu, lakini kila mara alisingizia nguo. "Nguo zangu kwenye kamba zinanuka, fundi." Ugonjwa wa mtoto hakuutaja. Kwao ugonjwa wa mtoto haukutangazwa. Binti akijulikana ana kifua, watu watamsema mpaka aolewe. Eliufoo naye alimjibu aanike nguo asubuhi. Basi Jumapili moja baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka pale nje ya kanisa, Eliufoo akanunua mkungu wa ndizi. Watu wakapiga makofi. Bibi hasira zikampanda. Akasimama mbele ya usharika mzima akapaza sauti: "Muuaji mkubwa! Sadaka ya Bwana unainunua kwa mkono huo huo wa kuua watu!"

Eliufoo akauacha mkungu palepale, akaondoka.

Tangu siku hiyo akawa anachoma mara mbili, asubuhi na jioni. Joyness alilazwa tena, na tena. Grace alimwambia mama yake, "Mama, umemshinda kwa maneno. Anayelipa ni mtoto." Daktari naye alikuwa ameshasema wazi kuwa kifua kile hakitavumilia hivyo mwaka mzima.

Siku ya tatu baada ya maneno hayo Bibi akapanda Machame, akaenda mpakani mwa kihamba chake, akakata isale. Wa mlimani mnajua, wa mbali niwaeleze: isale ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Aliyekosa analifunga jani lake fundo, analipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Wala anayelileta hawekei masharti.

Tulikwenda karakana, na Eliufoo mwenyewe ametusimulia. Alikuwa ameinama kwenye kochi, misumari midogo mdomoni. Akasikia hodi, akaitikia bila kuinua macho. Kisha akaliona jani. Akatema misumari mkononi.

"Mama Grace, hilo la nini?"

"Nimekukosea, Baba Godlove. Nilikuita muuaji mbele za watu. Naomba unisamehe."

"Na moshi?"

"Moshi sijauletea isale. Nimeleta kosa langu."

Eliufoo anasema alitafuta hila katika maneno yale, hakuiona. Akaosha mikono, akalipokea kwa mikono miwili. Wakakaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa. Ndipo akauliza, "Lakini Mama Grace, nguo tu ndizo zilikufanya uniite muuaji?"

Bibi akashindwa kujizuia. Akamwambia yote. Pumu. Midomo kubadilika rangi. Kulazwa mara nne tangu Pasaka.

"Nilimwangalia," anasema Eliufoo, "nikamwambia, mae, mama yangu, kwa nini hukuniambia mtoto anaumwa? Mimi nilidhani tunagombania nguo!"

Jioni ile hakuchoma. Kesho yake naye alikuja na isale lake, akampelekea mtoto. Joyness hakujua afanye nini nalo, akamwambia aika, yaani asante. Maranda sasa yanachukuliwa na wafugaji wa kuku. Vipande vya sponji vinajazwa kwenye mito, mnailalia wengi wenu. Kinachobaki kinasubiri gari la taka. Kuna siku kibarua mgeni aliwasha moto, na Eliufoo akauzima kwa chupa nzima ya chai ya moto, chai ya watu wote wa karakana!

Tusitie chumvi. Joyness bado ana pumu. Pampu yake ya kuvuta dawa anatembea nayo. Bado kuna vumbi la barabara na moshi wa magari. Lakini kulazwa kumepungua, mwaka jana hakulazwa hata mara moja. Na Bibi aliendelea kuuza maua hadi mwezi uliopita. Ukimwuliza kama yanasafisha hewa, alikuuliza kwanza: "Kwako unachoma nini?"

Alizikwa Jumamosi kihambani kwake Machame. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kutoka barabarani hadi kaburini ni mlima mkali, utelezi, wabebaji walipumzika mara tatu. Msalaba hubebwa na mjukuu, na wajomba walitaka apewe mwingine, mwenye kifua imara. Joyness, sasa miaka kumi na mitatu, alikataa. Aliuchukua, akatangulia mbele ya jeneza. Grace alikuwa nyuma yake na pampu mkononi, akisikiliza. Eliufoo alikuwa nyuma ya Grace. Hakuna aliyeimba, anasema Grace, wote walikuwa wanasikiliza pumzi ya mtoto. Joyness alifika juu bila kusimama. Akausimika msalaba, akageuka, akauliza mbona wanalia kabla ya ibada kuanza.

Kwa Mwalimu Grace, kwa Joyness, kwa ukoo wote wa Nkya na kwa usharika, tunawapa pole nyingi. Mungu amlaze mama mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, saa kumi na moja inakaribia. Taka umeshazikusanya nyuma ya nyumba, kiberiti kiko mfukoni. Kabla hujakiwasha, nenda kwa jirani upande ule upepo unakoelekea. Piga hodi, uliza nani analala kwenye chumba kile cha dirisha. Uliza na jina lake.