Pikipiki Isiyonguruma

Kwenye taksibasi ya kutoka Kasungami, Mama Abigaël, muuza mboga za lengalenga, aliyeketi mbele yangu, alimwambia jirani yake kitini kwamba anaenda kununua pikipiki ya umeme. Jirani huyo, Papa Aruna, fundi cherehani, hakuulizwa maoni, lakini aliyatoa.

“Baba yangu alipata kinga, avenue yote ikakuja kuona hiyo baiskeli. Mimi nikapanda kinga, bakanicheka: fundi gani hana moto, pikipiki ya mafuta? Leo mafuta ndiyo mubaya. Na courant ya umeme ikikatika, mama?”

“Jua haikatikake, papa. Niko na panneau ya jua ku paa. Mboga yangu inakaukia mu kungojea basi. Sasa itafika mubichi.”

“Hiyo moto haina makelele. Bantu ba ku avenue batajua namna gani mboga imefika?”

Hilo lilikuwa swali. Kwetu wanawake hutoka nje wakisikia mngurumo wa pikipiki ya mboga.

Mama akafikiri. “Nitaimba.”

“Imba basi, tusikie.”

Akaimba, kikapu magotini. Basi zima likacheka, kisha likaitikia. Papa Aruna alisema sauti hiyo itafukuza wateja, huku akipiga makofi.

Tangu tumzike mume wangu, nilikuwa nimesikia nyimbo za kilio tu. Basi liliposimama Makomeno, walishuka wakibishana bado. Kituo changu kilikuwa mbele, lakini nilishuka nao.